Wakili Marufuku: Sheria, Rushwa na Kariakoo Tangu Vita vya Kagera

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania tarehe 11 Aprili 1979. Idi Amin, mtawala wa Uganda, akakimbia, na Dar es Salaam ikashangilia. Kisha likaja suala la malipo. Gharama za vita hiyo ya Kagera hukadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 500 za Marekani, na nchi ilizibeba karibu peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya umefungwa, na bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka uleule wa ushindi. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mkanda ukazidi kukazwa.

Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania. Aliona hakuna njia ila kupatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Masharti yake yalijulikana: shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yapunguzwe, udhibiti wa bei ulegezwe. Mwalimu alikataa kupangiwa, na Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Ndivyo nchi iliyotoka vitani ilivyoamua kutafuta dawa yake yenyewe.

Upungufu ulionekana waziwazi Kariakoo. Soko kuu, kazi ya msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli, lilikuwa limefunguliwa mwaka 1975, likiwa fahari ya jiji na chini ya Shirika la Masoko ya Kariakoo. Lakini katika maduka ya Mtaa wa Kongo, Msimbazi na Swahili rafu zilikuwa tupu. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na vitenge vilipitia kwenye kampuni za biashara za mikoa, RTC, kisha kwenye maduka ya ushirika na ya kaya kwa mgao. Watu walipanga foleni alfajiri. Wengine waliacha jiwe liwashikie nafasi. Bidhaa iliyokosekana dukani kwa bei ya serikali ilipatikana uani kwa bei ya mlanguzi, na mara nyingi ilikuwa imetoka kwenye ghala la serikali ileile. Mwenye kibali alikuwa na mali. Mwenye kumjua mwenye kibali naye alikuwa nayo.

Hapa ndipo rushwa ilipobadilika sura. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limemfunga kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971, na kikosi cha kupambana na rushwa kikaanza kazi mwaka 1975. Vyote hivyo vilitungwa kwa ajili ya ofisa anayepokea bahasha. Havikutungwa kwa ajili ya nchi ambamo kila kipande cha sabuni kinahitaji kibali.

Msako wa 1983

Edward Moringe Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu mwaka 1983, na mwezi Machi msako dhidi ya wahujumu uchumi ukaanza. Polisi na wanamgambo walipekua maduka, maghala na nyumba. Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji walikoishi wafanyabiashara wengi wa Kihindi, ilitikisika. Watu walikutwa na marobota ya vitambaa, katoni za sabuni, fedha za kigeni. Wengine, kwa hofu, walizitupa mali zao usiku, na asubuhi zikaokotwa barabarani. Kwa wiki kadhaa bidhaa zilijitokeza kwa wingi, na mtu wa kawaida aliyekuwa amechoka na foleni alimwombea Sokoine dua.

Sheria ilikuja baada ya pingu. Watu walikuwa tayari mahabusu Bunge lilipopitisha Sheria ya Uhujumu Uchumi Na. 9 ya 1983 na kuhalalisha ukamataji uliokwisha kufanyika. Kesi hazikwenda kwenye mahakama za kawaida, bali kwenye baraza maalumu chini ya uenyekiti wa jaji. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Hakuruhusiwa dhamana. Duka lilipekuliwa, mwenye duka akawekwa ndani, na kazi ya kueleza mali ilikotoka ikawa juu yake.

Wanasheria waliliona tatizo mapema, kwenye Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hoja yao haikuwa kuwatetea walanguzi. Walisema ofisa aliyepewa uwezo wa kumtia mtu ndani bila wakili wala dhamana amepewa pia bidhaa ya kuuza, nayo ni uhuru wa mtu huyo. Nchi ilikuwa wakati huohuo inajadili mabadiliko ya Katiba, na sauti zilizodai haki za raia ziandikwe kwenye Katiba zilipata nguvu kutokana na yale yaliyotokea madukani.

Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo mambo matatu yalifanyika, na ukiyaweka pamoja unauona moyo wa historia hii. Kwanza, sheria ya 1983 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga Na. 13 ya 1984, iliyozirudisha kesi Mahakama Kuu. Pili, haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, ingawa serikali ilijipa muda hadi Machi 1988 kabla raia hajaruhusiwa kuishtaki kwa kuzivunja. Tatu, katika bajeti ya mwaka huo Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa fedha amezipata wapi. Dola iliyompeleka mtu mahabusu Machi 1983 ilikaribishwa Juni 1984. Kariakoo ikajaa tena, na hakuna msako ulioijaza.

Wafadhili wabisha hodi

Ali Hassan Mwinyi alishika urais Novemba 1985, na Agosti 1986 mkataba na IMF ukatiwa saini. Mzee Ruksa, kama alivyoitwa, alifungua milango. Mitumba, redio, baiskeli na nondo viliingia. Vibali vilipungua, lakini misamaha ya kodi ikachukua nafasi yake. Mwaka 1991 kikosi cha rushwa kilibadilishwa kuwa Taasisi ya Kuzuia Rushwa, TAKURU.

Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ambayo haikugharimiwa na mfadhili yeyote. Mahakama hiyo ilianzishwa mwaka 1979, baada ya ile ya Afrika Mashariki kufa pamoja na Jumuiya, na makao yake yalikuwa katika hoteli ya zamani ya Forodhani, Kivukoni. Katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema kifungu kilichomnyima mshtakiwa dhamana moja kwa moja, bila hakimu kupewa nafasi ya kumsikiliza, kilikuwa kinyume cha Katiba. Mtu ambaye hajatiwa hatiani ni huru, na anayetaka kumfunga kabla ya hukumu ndiye mwenye mzigo wa kueleza sababu. Nyalali huyohuyo aliongoza tume iliyopendekeza mfumo wa vyama vingi, na tume hiyo ikaorodhesha sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zilimkandamiza raia.

Wafadhili nao walianza kuuliza fedha zao zinakwenda wapi. Mwaka 1994 waligundua kwamba misamaha ya kodi ilikuwa imetolewa ovyo na mapato ya forodha yanavuja. Nchi kadhaa zilisitisha misaada. Uhusiano ulichafuka kiasi kwamba Denmark na serikali ya Tanzania ziliomba kundi la watu huru liamue kati yao. Kundi hilo liliongozwa na mchumi wa Kanada Gerald Helleiner, na wachumi wawili Watanzania walikuwamo: Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu. Ripoti yao ya 1995 haikumpendelea mtu. Iliitaka serikali idhibiti mapato na rushwa, na ikawaambia wafadhili kwamba kuiendesha nchi ya watu kwa masharti na miradi yao wenyewe kumeua hisia ya wenyeji kwamba mipango ni yao.

Benjamin Mkapa alichaguliwa mwaka huohuo akiahidi usafi, na akatangaza mali zake hadharani. Januari 1996 alimteua Jaji Joseph Warioba, waziri mkuu wa zamani, kuongoza Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa. Julai, Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ikaanza kazi. Ripoti ya Warioba ilitoka mwishoni mwa mwaka huo. Ilitenganisha rushwa ndogo ya mtumishi ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi na rushwa kubwa ya mwenye nacho anayetaka zaidi, ikapita idara moja baada ya nyingine: polisi, mahakama, hospitali, ardhi, zabuni. Hakuna msomaji wa Kariakoo aliyeshangaa. Alichokiona kipya ni kwamba serikali yenyewe imekiandika.

Sambamba na Warioba ilikuwapo kazi nyingine isiyokumbukwa sana mitaani. Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mwafrika wa nchi hii, aliongoza kikosi cha kuchunguza sekta nzima ya sheria, kikigharimiwa kupitia mradi wa Benki ya Dunia. Ripoti yake ya 1996 ilieleza mahakama za mwanzo zisizo na karatasi, majalada yanayopotea, mahakimu wanaolipwa kidogo na raia asiyemudu wakili. Kutokana nayo ukazaliwa mpango wa maboresho ya sekta ya sheria, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili.

Tunda la kwanza lilikuwa Mahakama ya Biashara. Ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1999 kwa msaada wa Denmark na Marekani, ikiwa kitengo cha Mahakama Kuu chenye majaji wake na kanuni za kuharakisha kesi. Mabenki na makampuni yaliipenda, kwani deni ambalo zamani lingekaa mahakamani miaka mingi sasa lilipata hukumu katika muda unaoeleweka. Ila tazama lilianza jengo gani. Mahakama ya mwanzo, anakopelekwa mama lishe aliyedhulumiwa kodi ya kibanda, ilisubiri.

Rada na vitabu

Mkapa alipata sifa nje. Novemba 2001 Tanzania ilitimiza masharti ya kusamehewa sehemu kubwa ya deni lake, na wafadhili wakaanza kuweka fedha moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali. Ndani ya kipindi hichohicho serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Benki ya Dunia na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walisema ni ghali mno na haifai kwa mahitaji ya nchi. Clare Short, waziri wa Uingereza aliyesimamia misaada, aliipinga ndani ya baraza lake la mawaziri. Serikali ya Tony Blair ikatoa leseni.

Kisa hiki kinastahili kukaa nacho, maana kinageuza somo zima. Nchi iliyokuwa inaifundisha Tanzania utawala bora ilikuwa inaiuzia Tanzania rada. Baadaye wachunguzi wa Uingereza walifuatilia kamisheni kubwa iliyolipwa kwa wakala wa Dar es Salaam. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, London, BAE ilikiri kosa la kutotunza hesabu sawasawa. Faini ilikuwa pauni 500,000, na kampuni ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha zilifika mwaka 2012, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Hakuna semina ya utawala bora iliyowahi kurudisha kiasi hicho. Kilichozirudisha ni waendesha mashtaka wa London kuwaandama watu wa London.

Nyumbani ilikuwa zamu ya Benki Kuu. Ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, ulionyesha kwamba shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alimwondoa gavana Daudi Ballali. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Sheria mpya ya rushwa, Na. 11 ya 2007, ilikuwa imeizaa TAKUKURU yenye makosa mengi zaidi ya kushtakia, na sheria ya 2008 ikaanza kuondoa uendeshaji wa mashtaka mikononi mwa polisi.

Ndipo Kisutu ilipokuwa jina la kila redio. Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iko hatua chache kutoka maduka ya katikati ya jiji, na kuanzia Novemba 2008 wananchi waliwaona watuhumiwa wa EPA na mawaziri wa zamani wakipanda ngazi zake. Mawaziri wawili, Basil Mramba na Daniel Yona, walishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka katika mkataba wa kukagua dhahabu. Hukumu ilitoka Julai 2015, karibu miaka saba baadaye, na kifungo chao kikaishia kwenye usafi wa hospitali ya Sinza kama huduma ya jamii. Wengine waliona ni mzaha. Lakini walikuwa na mawakili, walipewa dhamana, walikata rufaa. Waziri alipata mahakamani kile ambacho muuza vitenge wa 1983 alinyimwa.

Mwaka 2014 sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow liliwafanya wafadhili 12 kuzuia karibu dola milioni 490 za bajeti. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, iliianika kadhia hiyo bungeni, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri akafukuzwa. Fedha za nje zilibana. Lakini waliosema majina mbele ya taifa walikuwa wabunge.

Dhamana yatoweka tena

John Magufuli aliahidi mahakama ya mafisadi, na mwaka 2016 kitengo cha Mahakama Kuu cha rushwa na uhujumu uchumi kikaanzishwa chini ya ile sheria ya 1984, iliyorekebishwa. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 65 kwa maboresho ya Mahakama: majengo, TEHAMA, na mahakama inayotembea, basi lililogeuzwa chumba cha kusikilizia kesi. Uingereza na Umoja wa Ulaya nao waligharimia mafunzo ya wachunguzi na waendesha mashtaka. Kwa vifaa, mfumo wa sheria haukuwa umewahi kuwa bora kiasi hicho.

Kwa haki, kifungu kilichotamba kilikuwa utakatishaji wa fedha. Kosa hilo halina dhamana. Likiongezwa kwenye hati ya mashtaka, mshtakiwa hukaa mahabusu mpaka kesi imalizike, na upelelezi peke yake ulichukua miaka. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alipitia njia hiyo Kisutu kati ya Julai 2019 na Februari 2020; alipokubali makosa kwa makubaliano na kulipa, ndipo akatoka. Septemba 2019 Rais aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku chache wakiri na kurudisha fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka aliripoti kwamba watu 467 walikuwa tayari kurudisha shilingi bilioni 107.8. Mwenye kosa na asiye na kosa walikabiliwa na hesabu ileile: kulipa utoke, au kukaa usubiri.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ilisema kifungu kinachozuia dhamana kinavunja Katiba. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Barabara iliyofunguliwa na Nyalali mwaka 1991 ikafungwa nusu.

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Huyu ni mtu wa kipekee katika habari hii. Aliwahi kuongoza mashtaka katika mahakama ya kimataifa ya Rwanda, na Umoja wa Mataifa ukampeleka Timor ya Mashariki kuwa mkuu wa mashtaka katika nchi iliyokuwa majivu ya vita. Mtanzania aliyekwenda kusimika sheria za wengine baada ya vita alirudi kuulizwa za kwetu zimeharibikia wapi. Tume yake ilikabidhi ripoti Julai 2023, ikikosoa ukamataji usio na sababu, upelelezi usiokwisha na vyombo vingi vyenye mamlaka ya kumweka mtu ndani.

Miezi miwili kabla ya ripoti hiyo, Mei 2023, Kariakoo ilifunga maduka. Wafanyabiashara walilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi, utitiri wa tozo na usajili wa stoo, na wengi walisema wazi kwamba ukikamatwa, njia ya mkato ni kumalizana na ofisa palepale. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza na kusimamisha baadhi ya hatua hizo. Juni 2024 maduka yalifungwa tena kwa malalamiko yanayofanana.

Tangu 1979 nchi hii imejaribu kuisafisha rushwa kwa msako bila msaada wa nje, na kwa msaada wa nje pamoja na misako. Mageuzi yaliyodumu ni yale yaliyompa raia namna ya kujibu: haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, hukumu ya 1991, kamati za Bunge zilizosema majina, na sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa na mshauri wa kulipwa kwa dola. Wafadhili wanaotaka kusaidia waanze na mabenki na makampuni yao, kama London ilivyofanya kwa kuchelewa. Bunge letu lina kazi moja iliyo wazi: kila mshtakiwa wa kosa la uchumi, awe waziri au muuza duka wa Mtaa wa Kongo, asimame mbele ya hakimu mwenye mamlaka ya kusikiliza ombi lake la dhamana. Pasipo hilo, vita dhidi ya rushwa itaendelea kuizaa rushwa.